Madumu Hamsini na Matatu

Ilikuwa jioni ya mwezi wa Julai, alizeti imekwisha kuvunwa na mashine za kukamulia zinanguruma tangu alfajiri, na upepo wa Singida, usiojua kubisha hodi, unasukuma vumbi kutoka upande wa ziwa Singidani na kulimwaga barazani kwetu, ndipo mjukuu wangu aliponijia na simu mkononi, uso umemparama kama wa mtu aliyebeba khabari ya msiba.

"Shikamoo babu. Nimemdai mtu milioni tatu."

Nikamwitikia marahaba, nikamwuliza ni nani huyo mwenye bahati ya kuaminiwa mali ya kiasi hicho hapa mtaani kwetu, ambapo hata kibaba cha chumvi hukopeshwa kwa shahidi. Akaketi, akanieleza. Mama yake, mkwe wangu, huuza mafuta ya alizeti kwa madumu ya lita 20, na binti huyu, aliyejitia katika elimu ya kuandika skripti za kurasa za wavuti, alikuwa amemtengenezea ukurasa mdogo wenye visanduku viwili, kimoja cha madumu yaliyochukuliwa asubuhi na kingine cha yale yaliyochukuliwa jioni, ili hesabu ijifanye yenyewe na stakabadhi imfikie mteja kwa simu. Mteja alichukua madumu 5 asubuhi na 3 jioni. Bei ya dumu ilikuwa shilingi 70,000, na mtoto wa darasa la nne angejibu bila kukuna kichwa kwamba deni ni 560,000. Lakini ukurasa ulidai 3,710,000, kwa hoja kwamba 5 ukijumlisha na 3 unapata 53.

Nilicheka, na kucheka kwangu hakukuwa kwa adabu, maana nimefundisha hesabu katika shule za msingi kwa miaka mingi na nilidhani nimekwisha kuona kila namna ya jibu batili ambalo akili ya binadamu inaweza kulizaa. Hili lilikuwa geni kwangu. Halikuwa kosa la mzembe, kwa kuwa mashine haina uzembe, wala halikuwa kosa la mtu asiyejua kujumlisha, kwa kuwa tulipoiamuru mashine ile ile itoe 3 katika 5 ilijibu 2 bila kusita. Basi ikawa mbele yetu kiumbe kinachojua kutoa lakini hakijui kujumlisha, jambo ambalo katika maisha nimelishuhudia kwa baadhi ya wakopaji, si kwa mashine.

Sababu yenyewe, tulipoipata, ilikuwa nyepesi na ya kupendeza. Chochote ambacho mtu hukiandika katika kisanduku cha ukurasa huifikia skripti kikiwa maandishi, hata kiwe na sura ya tarakimu, na alama ya kujumlisha katika lugha ya JavaScript ina kazi mbili: ikiwa katikati ya namba hujumlisha, na ikiwa katikati ya maandishi huunga. Ukiunga "mwana" na "nchi" unapata "mwananchi", wala hapana mtu mwenye akili timamu atakayeuliza jumla yake. Kadhalika ukiunga "5" na "3" unapata "53", na mashine haijakosa hata chembe, imetii ilivyoambiwa. Alama ya kutoa haina kazi ya pili, kwa hiyo ikikutana na maandishi yenye sura ya tarakimu huyageuza kuwa namba yenyewe kwa yenyewe na kuendelea na kazi. Dawa ilikuwa kuyapitisha yale ya visandukuni katika amri ya Number kabla ya kuyajumlisha, na alipofanya hivyo madumu yakarudi kuwa 8.

Lakini fikira ile haikuniondoka, na usiku ule nilikaa nikiitafakari. Hizi alama ambazo wenye fani huziita opereta, na ambazo sisi walimu wa hesabu tulizoea kuziita alama za matendo, ni nini hasa asili yake, hata zimdanganye msichana mwerevu asiyewahi kukosea hesabu ya duka? Nikakumbuka kwamba zote zilikuwa maneno kabla ya kuwa alama. Al-Khwarizmi, alipoandika mjini Baghdad katika karne ya 9 kile kitabu chake cha al-jabr ambacho ndicho kilichoipa elimu ya aljebra jina lake, hakutumia alama hata moja. Kila tendo alilieleza kwa maneno, na hata namba aliziandika kwa maneno, kama karani anayeandika hati ya mirathi. Alama za kujumlisha na kutoa zilionekana katika kitabu cha Johannes Widmann kilichopigwa chapa huko Leipzig mwaka 1489, na ile mistari miwili ya usawa ilibuniwa na tabibu mmoja wa Wales, Robert Recorde, katika kitabu chake cha mwaka 1557, kwa sababu alichoka kurudia rudia maneno ya kusema kwamba hiki ni sawa na kile, akaona hapana vitu viwili vilivyo sawa kuliko mistari miwili inayokwenda sambamba. Alama basi ni neno lililofupishwa na mtu aliyechoka. Na kila kifupisho kina hatari yake, kwamba akikirithi mwingine baada ya karne nne anaweza kukijaza neno lake mwenyewe, ilhali msomaji angali akisoma neno la kale.

Ndivyo ilivyotokea kwa hiyo alama ya Recorde, na hapa ndipo wanafunzi wengi wa siku za mwanzo huanguka. Shuleni tuliwafundisha kuisoma "ni sawa na", tukawafundisha vizuri, tukawatia viboko waliosahau. Katika skripti, alama ile ile moja haisemi "ni sawa na" hata kidogo. Ina maana ya "iwe". Ukiandika deni = 0, hujatoa khabari kwamba deni ni sifuri, wala hujauliza; umeamuru deni liwe sifuri, na tangu hapo ni sifuri. Anayetaka kuuliza huandika alama hiyo mara mbili, na anayetaka kuuliza kwa ukali, asikubali namba 5 na maandishi "5" yahesabiwe kuwa kitu kimoja, huandika mara tatu. Lugha ya JavaScript ilibuniwa na Brendan Eich mwezi wa Mei mwaka 1995, na husimuliwa kwamba umbo lake la kwanza lilikamilika kwa siku kumi. Siwezi kuacha kufikiri kwamba lugha iliyozaliwa kwa haraka hiyo ilikuwa na haki ya kuzaliwa na tabia ya kumridhisha kila mtu, ikiona 5 na "5" ni ndugu, mpaka wakubwa wake walipoiongezea baadaye ile alama ya usawa mara tatu ili ijifunze kukataa.

Mjukuu wangu hakusalimika na mtego huu. Aliandika sharti kwamba, ikiwa deni la mteja ni sifuri, ukurasa umshukuru kwa kumaliza kulipa. Lakini akaweka alama moja ya usawa pale palipotakiwa tatu. Matokeo yake yalikuwa ya kusikitisha kwa mwenye duka na ya furaha kwa mji mzima: kila mteja aliyefunguliwa ukurasa alifutiwa deni palepale, na hakuna aliyeshukuriwa, kwa kuwa sifuri iliyokwisha kuwekwa huhesabiwa na lugha hiyo kuwa ni batili, na sharti lililo batili halifunguliwi mlango. Kwa bahati yalikuwa madeni ya majaribio. Nilimwambia asome sharti lake kwa sauti, kwa Kiswahili, akasoma, "Ikiwa deni iwe sifuri," akanyamaza, akatabasamu, akaongeza alama mbili bila kusubiri neno langu. Kumbe lugha yake ya nyumbani, ambayo hutofautisha "ni" na "iwe" kwa ukali ambao mtoto wa miaka mitatu haukosei, ilikuwa na hukumu tayari. Ni alama tu iliyomfunika macho.

Naomba radhi kwa msomaji ikiwa nasema kama mtu aliyegundua nchi. Kizazi chetu kilichelewa kukutana na mitambo hii. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta ya kwanza ya nchi yetu mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwa sababu ambazo wakati huo zilionekana za maana, hata mimi nikafundisha sehemu kubwa ya umri wangu bila kuiona moja kwa macho. Mtu anayejifunza uzeeni hustaajabu kwa sauti kubwa kuliko kijana.

Siku ya pili tulipata deni la shilingi 350,003. Safari hii nililijua kosa kabla hajakaa, maana lilikuwa la mtaani kwetu: aliandika bei mara madumu ya asubuhi, kisha kujumlisha ya jioni, bila mabano, na mashine, kama ilivyo haki yake, ikazidisha kwanza 70,000 kwa 5, kisha ikaongeza 3 kama shilingi tatu, fedha isiyoweza kununua hata njiti ya kiberiti. Shuleni tulilifupisha agizo la mtangulizano wa matendo kwa neno MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Na watoto wa nchi hii wameliimba neno hilo hata likawa kama jina la kijiji. Linamfaa sana mwandishi wa skripti pia, ila mahali pamoja linamtega. Anayelishika kwa herufi zake ataamini kwamba kujumlisha hutangulia kutoa daima, na akipewa 10 - 3 + 2 atajumlisha 3 na 2 kwanza, apate 5. Lakini mashine huyahesabu matendo hayo mawili kuwa ya cheo kimoja na kuyafuata kutoka kushoto kwenda kulia, ikapata 9. Na mashine ndiyo yenye haki. Naandika haya kwa aibu, kwa sababu namkumbuka mtoto mmoja, miaka mingi imepita, aliyeandika 9 katika daftari lake nami nikamkata kwa kalamu nyekundu, kisha nikamtuma ubaoni akasimame mbele ya wenzake aandike 5. Sijui yuko wapi leo. Laiti angejua kwamba kuna chombo kilichosimama upande wake.



Kilichonifurahisha kupita vyote ni saa. Binti alitaka ukurasa uonyeshe wakati, na wakati wa Kiswahili, si wa kizungu, kwa kuwa mteja wa Kiomboi au Manyoni akiandikiwa kwamba mafuta yatakuwa tayari saa 7 atafika baada ya adhuhuri, apige hodi kwa hasira. Mashine huhesabu saa zake kuanzia 0 usiku wa manane mpaka 23, ilhali sisi, tuliorithi hesabu ya watu wanaoanza mchana jua linapochomoza na usiku linapotua, huita saa moja ile ambayo wao huiita ya saba. Tofauti ni sita, na mzunguko ni wa kumi na mbili. Akaniuliza afanyeje, nami nikamwambia jambo nililowafundisha wenzake wengi kwa vijiti na mawe: ongeza sita, gawanya kwa kumi na mbili, matokeo yatupe, baki ulishike.

Alama ya baki katika skripti ni ile ambayo kila mtu huijua kwa jina la asilimia, na hapa tena jina la shuleni hupoteza watu, maana haihusiani na mia hata kwa undugu wa mbali. Ukiandika 13 % 12 unapata 1, kwa kuwa kumi na mbili huingia mara moja katika kumi na tatu na kubakiza moja. Tukajaribu. Saa 7 yao, ukiongeza 6, ni 13, baki 1: saa moja asubuhi, sahihi. Saa 15, ukiongeza 6, ni 21, baki 9: saa tisa alasiri, sahihi. Saa 20 ni 26, baki 2: saa mbili usiku, ndipo watu wanapokula. Tukalala tumeridhika.

Kulipopambazuka, bibi yake alikuwa uani akipepeta uwele, na binti akamwonyesha ukurasa kwa fahari. Bibi akasoma, akasoma tena. "Saa sifuri asubuhi," akasema, "ndiyo saa ngapi hiyo? Hata jogoo haijui."

Ilikuwa kweli. Saa 6 yao ukiongeza 6 ni 12, na kumi na mbili ukiigawanya kwa kumi na mbili haibakizi kitu. Hesabu ilikuwa timamu na jibu halikuwa na maana, kwa kuwa Mswahili hana saa sifuri. Pale mashine inapoona utupu, sisi tunaona ukamilifu wa mzunguko, tunaita kumi na mbili. Nilitamani kukaa na neno hilo siku nzima, kwamba sifuri, ambayo kwa Kiarabu asili yake ni utupu, na kumi na mbili, ambayo ni ujazo wa duara, zinakaa katika nukta moja ya jua kugusa upeo. Lakini vijana hawana subira na fikira za namna hiyo, wanataka kurekebisha.

Marekebisho aliyoyapata yalikuwa mazuri kuliko fikira zangu. Aliandika (saa + 6) % 12 || 12. Zile nguzo mbili zilizosimama ni alama ya "au", lakini ni "au" yenye tabia maalumu: huangalia kilicho kushoto kwake, na kama ni kitu chenye thamani hukichukua na kuacha kutazama zaidi, kama ni sifuri, au maandishi matupu, au kitu kisichokuwapo, hukiacha na kuchukua kilicho kulia. Mimi nikamwambia kwamba wahenga wetu waliijua alama hii kabla ya mashine kuundwa, maana ndiyo ile methali ya akosaye la mama hata la mbwa huamwa. Alicheka hata simu ikamponyoka. Tangu siku hiyo nguzo zile mbili huziita titi la mbwa, jina ambalo nimemkataza kulitaja mbele ya mwalimu wake. Methali hiyo, hata hivyo, ina mpaka wake. Mteja asiyedaiwa ana deni la 0, nayo ni khabari kamili wala si ukosefu. Ukiandika deni || "halijulikani", mtu mwaminifu aliyelipa mpaka senti ya mwisho ataambiwa kwamba khabari zake hazijulikani, na huo ni udhalimu. Ndiyo sababu mwaka 2020 lugha ikaongezewa alama ya pili, ya viulizo viwili, isemayo: chukua cha kulia pale tu cha kushoto kisipokuwapo kabisa.

Duka halifunguliwi Jumapili wala sikukuu. Sentensi hii ya mkwe wangu, fupi na isiyo na shaka, ilitugharimu mchana mzima. Binti aliigeuza kuwa sharti la kufungua duka: si Jumapili, au si sikukuu. Yasome tena. Jumapili ya kawaida si sikukuu, kwa hiyo nusu ya pili ya sharti ni kweli, kwa hiyo duka liko wazi. Siku ya Sabasaba ikiangukia Jumanne si Jumapili, kwa hiyo duka liko wazi. Na mlango ungefungwa tu siku ambayo vyote viwili vimekutana, kama Krismasi ya mwaka 2022 ilivyoangukia Jumapili. Mwingereza Augustus De Morgan aliliwekea jambo hili kanuni katika karne ya 19, zama zile zile George Boole alipokuwa akifanya mantiki ihesabike kama namba: kukanusha "hiki au kile" ni kukanusha hiki na pia kukanusha kile. Wanafunzi huikariri kanuni hiyo na kuisahau. Lakini mkwe wangu hakuikariri, na hakuikosea, kwa kuwa alitumia neno "wala". Na "wala" ni Kiarabu, wa na la, yaani "na si". Hiyo ndiyo kanuni ya De Morgan nzima, imekaa katika silabi mbili za neno ambalo kila mchuuzi wa kuku katika stendi ya Singida hulitumia mara mia kwa siku. Binti akafuta "au" yake, akaweka alama mbili za "na", akaiacha alama ya mshangao, ambayo katika skripti ni "si", mbele ya kila upande, na Jumapili duka likafungwa.

Sasa ukutani, kando ya kalenda ya mashine ya kukamulia, amebandika karatasi ya daftari yenye safu mbili: kushoto alama, kulia neno la Kiswahili analolisoma kwa sauti kabla ya kubonyeza chochote. Alama moja ya usawa ni "iwe". Ya asilimia ni "baki". Nguzo mbili ni "au", na pembeni amechora mbwa mdogo. Alama ya kujumlisha imepewa maneno mawili, "jumlisha" na "unga", na alama ya kiulizo baina yao. Alama tatu za usawa bado hazina neno, kwa sababu yeye anataka "sawasawa" nami naona "sawasawa" ni neno la kumridhisha mtu na halina ukali unaotakiwa. Nimependekeza "ndicho hicho hicho", naye anasema ni refu mno kwa karatasi. Msomaji aliye na neno zuri zaidi atuletee, nafasi yake tumeiacha wazi.